Nataka maua yangu ya ndani yajimwagilie nikiwa safarini, nianzie wapi?

Mhasibu_wa_Maua

Wakuu, heshima kwenu. Naishi Upanga, ghorofa ya tatu, chumba na sebule na kibaraza kidogo kinachotazama mashariki. Kazi yangu ni ukaguzi wa hesabu, kwa hiyo robo ya mwaka ikifungwa napanda treni kwenda Dodoma na naweza kukaa huko hadi wiki mbili. Nina maua manane, na kila moja lina tabia yake. Kibarazani kuna mirehani miwili na mnanaa. Ndani kuna ZZ, kuna Dracaena ya majani marefu yaliyosimama wima, kuna Epipremnum inayotambaa juu ya kabati, kuna lile Spathiphyllum lenye ua jeupe ambalo likikosa maji siku moja linalala kama limefiwa, na kuna Saintpaulia ya zambarau niliyoinunua Lushoto na ambayo kila mtu ananiambia haitafika Krismasi kwa joto hili.

Nikisafiri huwa namwachia ufunguo binti wa jirani. Ana moyo mzuri na mkono mzito. Kila ua analipa jagi moja kila asubuhi, bila upendeleo, ZZ sawa na mrehani. Nikirudi ZZ imelainika shinani na inanuka, halafu mirehani imekauka kwa sababu siku za mwisho binti alikwenda kwao Kibaha.

Sasa nataka mashine. Nimeona video za watu wanaotumia Arduino, ile bodi ndogo ya umeme inayopangiwa programu, na vijiti vya kupima unyevu. Mimi si fundi, lakini fomula ndefu za Excel hazinitishi na kusoma sioni uvivu. Mjue haya kabla hamjanishauri: kibarazani hakuna bomba, maji yatatoka ndooni. Umeme hukatika. Chini yangu anakaa mama mmoja aliyeweka dari ya jipsamu juzi tu, na sitaki kesi naye. Na ningependa nikiwa Dodoma nione kwenye simu kama maua yamekunywa. Bajeti ipo ila si ya kuchezea.

Kijana_Tandale

Dada, chupa ya maji ya lita moja na nusu. Toboa kizibo kwa sindano ya moto, igeuze kichwa chini, ichomeke kwenye udongo. Kazi imeisha. Hayo ya Arduino ni kutafuta sababu ya kwenda Kariakoo.

Mhasibu_wa_Maua

Nilijaribu, mdogo wangu. Udongo wangu una makumbi mengi ya nazi. Chupa iliisha kabla ya adhuhuri. Mrehani ukaogelea siku ya kwanza, zilizofuata ukafunga saumu.

Fundi_Redio

Dada Mhasibu, nimefurahi umemtaja mama wa chini. Watu wengi wakija na wazo hili huuliza namna ya kuwasha pampu. Kuwasha pampu ni kazi ya nusu saa. Kazi yenyewe ni kuhakikisha inazima, hata pale waya unapokatika, kijiti kinapochomoka udongoni, au programu inapoganda katikati ya usiku na wewe uko Dodoma. Ua likikosa maji siku mbili utalisikitikia. Pampu ikikosa kuzima saa mbili utalipa dari.

Kwanza punguza idadi. ZZ itoe kabisa. Ina mizizi minene mithili ya viazi inayoweka akiba ya maji, na asili yake ni huku kwetu, tangu Kenya kushuka hadi Afrika Kusini. Kiangazi imekizoea kabla ya Waholanzi kuigeuza biashara ya dunia miaka ya 1990. Wiki mbili bila maji haishtuki. Dracaena hivyohivyo. Zimwagilie siku ya kuondoka ufunge mlango. Saintpaulia siigusi, humu yuko mzee wa Amani, msubiri.

Vijiti vya unyevu. Dukani utaonyeshwa aina mbili. Ipo ya meno mawili yanayong'aa, bei chee. Hiyo hupitisha umeme ndani ya udongo kutoka jino moja kwenda la pili, na umeme ukipita kwenye unyevu wenye chumvi, chuma huliwa. Iache imewashwa muda wote, wiki chache tu jino moja limekwisha, na ubaya wake haifi ghafla. Namba zinaanza kudanganya polepole na wewe unaendelea kuziamini. Ya pili ni ubao bapa mweusi, kwa kawaida umeandikwa v1.2, hauna chuma kilicho wazi. Chukua huo. Lakini nao una magonjwa. Ukingo wake haukuzibwa, maji hupenya pembeni, basi paka rangi ya kucha kuzunguka, mara mbili, iache ikauke kabisa. Sehemu ya juu yenye vifaa vidogovidogo izibe kwa gundi ya moto. Pia kuna mafungu yaliyotoka kiwandani na dosari: ukiuchomoa ubao kwenye maji, namba inajivuta dakika nzima kurudi. Mzima hubadilika papo hapo. Mwombe muuzaji glasi ya maji uupime hapohapo kaunta. Atanuna, lakini pima.

Ubongo uwe bodi ya ESP32, si Arduino Uno, kwa sababu ina Wi-Fi ndani yake na sensa, yaani hivyo vijiti, inaisoma kwa namba kutoka 0 hadi 4095. Hapa kuna mtego. Pini za kusomea ziko makundi mawili, na kundi moja halisomi Wi-Fi ikiwa imewashwa. Sensa zichomeke kwenye 32, 33, 34, 35, 36 au 39. Ukizichomeka 25 au 27 utazijaribu mezani zikakubali, utafurahi, halafu siku utakapowasha Wi-Fi utadhani umeuziwa bidhaa mbovu.

Rilei za bluu, swichi zinazowashwa kwa umeme, kila duka linazo, mimi nimeachana nazo kwa kazi hii. Nyingi huwashwa kwa kushushwa volti ya pini, na ESP32 inapoamka kuna muda mfupi pini haijapewa amri yoyote, rilei inagonga, pampu inaruka. Tumia mosfeti IRLZ44N, swichi isiyo na kitu cha kugonga, moja kwa kila pampu, na rezista ya kilo-omu 10 kati ya geti (mguu wake wa kupokea amri) na hasi. Hapo pampu inabaki imezimwa mpaka iamriwe, na ubongo ukifa inabaki imezimwa. Usikubali kupewa IRF520 badala yake hata muuzaji akikuapia. Ile inataka kama volti 10 ifunguke vizuri, ESP32 inatoa 3.3. Kisha dayodi 1N4007, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ikae kinyume kwenye nyaya za kila pampu, maana mota inapozimwa hurudisha teke la volti linaloweza kuua mosfeti.

Pampu ni zile ndogo za kuzama, volti 3 hadi 6. Huandikwa lita 80 hadi 120 kwa saa. Wewe ni mhasibu, tupige: lita 100 kwa saa ni karibu mililita 28 kwa sekunde. Sekunde 5 ni mililita 140, na mrehani wa chungu cha kati hauhitaji zaidi ya hapo kwa mkupuo. Sekunde 60 ni lita 1.7. Lakini karatasi ya muuzaji usiiamini, kimo na urefu wa mpira hupunguza maji. Washa sekunde 10 ndani ya jagi lenye alama, mpira ukiwa umekaa kama utakavyokaa, andika ulichopata, gawa kwa kumi.

Chombo cha maji kikae CHINI kuliko mdomo wa mpira. Ukikiweka juu ya kabati, pampu itazima na maji yataendelea kushuka yenyewe mpaka chombo kikauke, na simu yako Dodoma itakuwa inakuonyesha kwamba pampu imezimwa, kila kitu shwari. Na mdomo wa mpira usiuzike udongoni. Uning'inize juu, kuwe na hewa katikati, ama sivyo maji machafu ya chunguni yatafyonzwa kurudi.

Mwisho kwa leo: usitumie ndoo moja ya lita 20. Tafuta ndoo ndogo za rangi za lita 4 zenye mfuniko, zioshe, moja kwa kila ua. Ndoo na chungu chake vikae pamoja ndani ya beseni linalobeba zaidi ya lita 4. Basi hata kila nilichokueleza hapo juu kikishindwa kwa pamoja, maji yote yaliyopo yanaishia kwenye beseni. Huo ndio ulinzi ninaouamini. Programu ni ya pili.

Nesi_wa_Zamu

Samahani naingilia, mimi ni muuguzi, ya umeme siyajui. Ila maji ya matone nayajua. Watu hununua seti mpya ya dripu duka la dawa, wanaitumia kwa maua, ina gurudumu la kubana na chumba cha kuhesabia matone. Seti ya kawaida ya mtu mzima mara nyingi ni matone 20 kwa mililita, imeandikwa kwenye pakiti. Dada, piga hesabu: ukibana mpaka matone 10 kwa dakika, huo ni mililita 30 kwa saa. Chupa ya lita moja na nusu inaisha kwa saa 50. Siku mbili na kidogo! Na ukibana zaidi ya hapo, matone hayatulii, yanaweza kusimama yenyewe. Tena maji yanavyopungua chupani kasi nayo inashuka. Kwa wikendi inafaa, kwa wiki mbili hapana. Na tafadhali iwe mpya, msiokote zilizotumika, zile ni taka za hospitali.

Jambo la pili ndilo lililonifanya niandike. Hayo mabeseni na visahani. Mbu wa dengi anapenda maji masafi yaliyotuama, na kutoka yai hadi mbu anayeruka inaweza kuchukua kama wiki moja hadi siku kumi. Wewe unaondoka wiki mbili. Dar tumeshapata milipuko ya dengi, 2014 na tena 2019, na vyombo vya maua vilikuwa kwenye orodha ya tulivyokuwa tukiwaambia watu wakague. Ndoo zifunikwe, tundu la mpira lizibwe kwa kitambaa, na mabeseni yawe makavu siku ya kuondoka. Kinga nyingine ni mchanga: jaza kisahani mchanga, maji yakishuka hayaachi dimbwi.

Fundi_Redio

Nesi, ahsante sana. Gurudumu la dripu nimelichukua kwa kazi nyingine: mirehani miwili inaweza kutumia pampu moja na mpira uliogawanyika, na gurudumu moja kwenye kila tawi kusawazisha. Bila hivyo maji yote hukimbilia tawi fupi au la chini, la pili linabaki linatazama. Ndoo hiyo moja basi isogee lita 8, na beseni likue nayo.

Na kabla hajatokea mtu wa kusema "weka vali za umeme, pampu moja inatosha": zile za volti 12 zinazofanana na za mashine ya kufulia nyingi zinahitaji presha ya bomba ili zifunguke. Kwa maji ya ndoo ya sakafuni zitabofya tu.

Mhasibu_wa_Maua

Nimesoma yote, nimeandika pembeni, nimefungua na jedwali. Nesi nashukuru, visahani vyangu vina maji sasa hivi ninapoandika, natoka hapa navimwaga.

Fundi, yamebaki mambo matatu. Namba ipi ndiyo kiu? Kila video ina yake. Halafu umeme: ukikatika na kurudi, mashine inajuaje imefikia wapi? Na hiyo ya kuona kwenye simu hujaigusa, nashuku umeikwepa.

Mzee_Amani

Binti yangu, salaam. Nimeitwa, nimekuja.

Hilo ua lako la zambarau ni la kwetu. Linaota lenyewe kwenye mawe yenye unyevu na kivuli, karibu na vijito, milima ya Usambara. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa wilaya hii, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, na mwaka uliofuata Hermann Wendland akaliandika kitaalamu na kulipa jina la huyo bwana. Siku hizi wataalamu wa mimea wamelihamishia kundi la Streptocarpus, lakini dunia nzima bado inaliita Saintpaulia na hakuna aliyekamatwa.

Ulitazame linapoota utajua linataka nini. Jiwe halishiki matope. Mizizi yake ni myembamba, inapenda unyevu kidogo wa kudumu na hewa nyingi. Maji ya kumiminwa juu kwa mkupuo, yakiingia katikati ya majani, shina linaoza. Na maji ya baridi yakiangukia majani huacha madoa yasiyofutika. Kwa hiyo hiyo pampu ya fundi, kwa heshima zote, haimfai.

Tumia utambi. Wafugaji wa ua hili huko Ulaya na Marekani wanafanya hivyo miaka mingi. Nenda duka la nyuzi, chukua uzi wa kufumia sweta wa akriliki. Wa pamba usichukue, unaoza udongoni. Uloweshe kwanza, utambi mkavu hauvuti. Upitishe kwenye tundu la chini ya chungu, ndani uzungushe mara moja karibu na kuta, nje uning'inie. Kopo la lita moja lenye mfuniko, toboa mfuniko, utambi uingie majini, chungu kikae juu ya mfuniko. Maji yanapanda yenyewe kadiri udongo unavyokauka. Udongo uwe mwepesi, na vipande vya pumisi au perlaiti (vijiwe vyepesi vyenye matundu), si mfinyanzi. Ukiona udongo unabaki tepetepe, uzi ni mnene, tumia nyuzi chache. Na kwa kuwa maji yanapanda tu bila kushuka, chumvi inabaki juu. Mara moja kwa mwezi mwagilia kutokea juu pembeni mwa majani mpaka maji yatoke chini. Ninyi wa Dar wenye maji ya kisima yenye chumvi, fanyeni mara nyingi zaidi ya hapo.

Joto la huko kweli ni adui yake. Usimweke dirisha la jua, wala mbele ya kiyoyozi kinachomkausha.

Nikuongezee: hilo lenye ua jeupe na hilo linalotambaa, yote mawili yanakubali utambi vizuri kabisa. Utambi mnene zaidi na kopo kubwa. Mashine ya nini?

Mhasibu_wa_Maua

Shikamoo mzee. Nimekusoma mpaka nikatoka kwenda kulitazama ua lenyewe. Lina madoa mawili meupe, sasa najua yametoka wapi.

Fundi, kwa hiyo mashine imebaki na mirehani na mnanaa tu?

Fundi_Redio

Shikamoo ya mzee naiitikia marahaba kwa niaba yake, anachelewa kujibu. Ndiyo, umebaki na matatu na ni afadhali. Ya ndani yote yako kwenye utambi au hayana shida. Kibarazani ndipo mashine ina kazi, kwa sababu mrehani kwenye jua la asubuhi na upepo wa bahari unakunywa leo tofauti na kesho, na utambi hauuwezi huo mwendo. Pampu mbili, sensa tatu, ubongo mmoja.

Maswali yako.

Namba ya kiu haipo dukani, unaitengeneza mwenyewe. Sensa hii inakwenda kinyume: kavu ni namba kubwa, mbichi ni ndogo. Mwagilia mrehani mpaka maji yatoke chini, subiri saa moja, soma. Hiyo ndiyo "nimeshiba". Kisha usimwagilie, kila asubuhi soma na uandike, mpaka siku utakayoona majani ya juu yanaanza kulegea. Hiyo ni "kiu". Kizingiti kiweke kabla ya kiu, kama robo tatu ya njia kutoka shibe. Fanya kwa kila chungu peke yake, na ukishapima usiisogeze sensa hata kidogo. Makumbi yako yana tatizo moja: yakikauka yanasinyaa na kujitenga na ubao, hewa inaingia katikati na sensa inadai jangwa wakati udongo una unyevu. Ongeza mboji karibu na sensa, kandamiza kwa vidole.

Sheria za programu ziwe fupi kiasi cha kusomeka na mtu asiyejua programu. Mimi ningeandika hivi:

kama udongo umevuka kizingiti cha kiu
na saa tangu maji ya mwisho zimefika 10
na jumla ya leo kwa ua hilo haijafika ml 300
basi pampu sekunde 5, kisha usisome tena hadi dakika 30 zipite

Hizo dakika 30 usizifute. Maji huchukua muda kusambaa, na ukisoma mapema utaambiwa bado pakavu. Namba moja moja pia hurukaruka. Soma mara 20, zipange, chukua ya katikati.

Juu ya hizo kuna mbili za hatari. Ikimwagilia mara tatu na namba haijashuka, ua hilo lifungiwe maji mpaka mtu aje: kijiti kimetoka, au ndoo imekauka, au mpira umechomoka. Na namba ikifanana na ile ya hewani uliyopima ubao ukiwa mkononi, usimwagilie kabisa. Udongo, hata uwe mkavu namna gani, hausomeki sawasawa na hewa. Hapo kijiti kiko nje, na mashine ya kijinga ingeendelea kumimina kwa sababu inaona kiu kubwa.

Umeme. Hapa ndipo video nyingi zinawaangusha watu. Programu ikianza upya husahau kila kitu, haijui imemwagilia saa ngapi. Usiku ambao umeme unakatika na kurudi, kukatika na kurudi, kila unaporudi mashine inaona ni asubuhi mpya na inamwaga. Dawa ni kuandika saa ya maji ya mwisho na jumla ya siku kwenye kumbukumbu ya kudumu ya ESP32, ile isiyofutika umeme ukizima, na kuisoma kwanza inapoamka. Lakini saa yenyewe itaijua vipi kama intaneti haijarudi? Nunua kisaa DS3231 chenye betri ya kidonge CR2032. Ni kidogo, kinaenda chenyewe, na kwa mtu anayesafiri nakiona ni lazima.

Chaja ya simu ya ampia 2 inatosha ukiendesha pampu kwa zamu, kamwe si pamoja. Pampu ichukue umeme wake moja kwa moja kutoka kwenye chaja, isipitie ubao wa ESP32, hasi tu ziungane. Na weka kapasita ya mikrofaradi 1000, inayoshika akiba ndogo ya umeme, karibu na ESP32, maana pampu ikianza inavuta volti chini na ubongo unazimia. Pawa benki nisingeweka. Nyingi hujizima zikiona mzigo ni mdogo, na ESP32 iliyolala ni mzigo mdogo. Mrehani hautakufa kwa saa sita za giza, uache.

Simu. Kweli nimeikwepa, kwa sababu watu huanzia hapo. Uamuzi wote ufanyike ndani ya mashine, intaneti iwe ya kutoa taarifa tu. Ukitumia bando la simu yako kama Wi-Fi ya nyumbani, ukipanda treni umeondoka nayo. Itabidi ruta ibaki imewashwa, au simu ya zamani yenye laini yake. Kisha boti ya Telegramu, yaani akaunti inayotuma ujumbe yenyewe, ujumbe mmoja kila siku saa 1 asubuhi: namba tatu za udongo, mililita zilizotoka, basi. Siku ujumbe usipokuja ndiyo siku ya kumpigia binti wa jirani aingie atazame. Na kitufe cha kumwagilia ukiwa mbali usikiweke. Utakaa kwenye kikao cha mchana kule Dodoma, usingizi umekushika, utaanza kubonyeza.

Kijana_Tandale

Mkuu umenimaliza. Ila kwa mtu anayeondoka Ijumaa kurudi Jumapili, chupa yangu bado?

Fundi_Redio

Kwa Ijumaa hadi Jumapili hata chupa haihitajiki, dogo. Mwagilia uende.

Mhasibu_wa_Maua

Jedwali limekamilika. Kwa hesabu zangu mirehani miwili kwa wiki mbili, ikinywa mililita 250 kila mmoja kwa siku, ni lita 7. Ndoo ya lita 8 inatosha kwa upenyo mdogo. Mnanaa ndoo ya lita 4. Mabeseni nayatafuta mapana.

Swali la mwisho kabla ya Jumamosi kwenda mjini: kibaraza kinapigwa na jua kuanzia alfajiri hadi kama saa 4, na wakati wa masika mvua ya upepo inaingia. Ubongo nauweka wapi, na jua haliharibu hizo namba?

Fundi_Redio

Linaziharibu kidogo. Joto hubadilisha usomaji wa hizo sensa, na chungu cheusi kwenye jua la asubuhi kitakusomea tofauti hata kama unyevu ni uleule. Soma na mwagilia saa 11 alfajiri, kabla jua halijatoka, na vipimo vyako vya shibe na kiu uvichukue saa hiyohiyo. Ukitaka usomaji wa pili, uwe saa 12 na nusu jioni.

Ubongo weka ndani ya kopo la plastiki la chakula lenye mfuniko wa kubana. Tundu za waya zitobolewe upande wa chini, si juu wala pembeni, na kila waya ushuke chini ya kopo kwanza kabla haujapanda kwenda kwenye chungu, tone la mvua likifuata waya liangukie hapo lisiingie ndani. Litundike ukutani juu ya usawa wa mabeseni. Nyaya za sensa zisizidi kama mita moja, zikirefuka namba zinaanza kucheza. Chaja yenyewe ibaki sebuleni, pitisha waya wa volti 5 tu chini ya mlango. Umeme wa soketi usiupeleke karibu na maji hata kwa ekstensheni nzuri.

Ukifika dukani wakikosa IRLZ44N, uliza IRL540N. Wakikosa zote, nitumie picha ya walichonacho kabla hujalipa.